Mgahawa wa Kihaiti pale Springfield, Ohio: samaki safi, na swali moja ambalo wagombea waliliharibu

Nianze na samaki, maana ndiye aliyenipeleka Springfield. Analetwa mzima, kichwa na mkia, mwekundu wa jamii ya changu, amechanjwa mbavuni na kulazwa kwenye viungo usiku kucha: kitunguu saumu, majani ya kitunguu, ndimu, pilipili. Mchanganyiko huo wenyewe wanauita epis, na unaingia karibu kila kitu wanachopika. Ngozi imekauka vizuri, inalia ukiibonyeza kwa uma, na nyama ya ndani bado nyeupe, haijakakamaa. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nikitumwa Deep Sea asubuhi boti zinaporudi, na samaki wa kukaanga simsifii mtu kwa adabu tu. Huyu nilimmaliza mpaka shavu. Dola 22, na sahani inakuja na ndizi, wali na kachumbari, watu wawili wasio na njaa kali wanashiba.

Jina la mgahawa sitaliandika. Mwenyewe ameniomba hivyo, na akanieleza kwa nini. Tangu Septemba 2024 simu yake imekuwa ikipigwa na watu wanaouliza bei ya paka. Wengine wanabweka kisha wanakata. Alipumzika kidogo baada ya uchaguzi, zikarudi, zikapungua, zikarudi tena. Kila anapoandikwa mahali, hata kwa kusifiwa, zinaanza upya. Kwa hiyo nitasema tu kwamba ni upande wa kusini mwa mji, na Mhaiti yeyote utakayemuuliza kituo cha mafuta atakuelekeza penye samaki mzuri.

Kwa ambao wameanza kusahau, nikumbushe ilivyokuwa. Springfield ni mji mdogo, watu kama 58,000, kiasi cha dakika 50 kwa gari kutoka Columbus ninakoishi. Viwanda vilikuwa vimefungwa, watu wamehama, baadaye kazi zikarudi na wafanyakazi wakakosekana. Wahaiti wakasikia, wakaja, wengi wao wakiwa na hifadhi ya muda iliyowaruhusu kisheria kuishi na kufanya kazi Marekani. Makadirio yalikuwa kati ya watu 12,000 na 20,000 ndani ya miaka michache. Mji wa ukubwa ule ukipokea watu wengi hivyo, kliniki zinajaa, kodi za nyumba zinapanda, walimu wanatafuta wakalimani. Hayo ni ya kweli na mgombea yeyote alikuwa na haki ya kuyasimamia jukwaani.

Halafu ukazuka uvumi mtandaoni kwamba Wahaiti wanaiba paka na mbwa wa majirani na kuwala. Tarehe 9 Septemba 2024, JD Vance, wakati huo seneta wa Ohio na mgombea mwenza wa Donald Trump kwenye mbio za urais, akausambaza. Kesho yake usiku, kwenye mdahalo wa Philadelphia, Trump mwenyewe akasema mbele ya mamilioni ya watazamaji: wanakula mbwa, hao watu waliokuja, wanakula paka, wanakula wanyama wa watu wanaoishi pale. Mwongoza mdahalo akamwambia palepale kwamba meneja wa jiji amesema hakuna taarifa yoyote ya kuaminika. Haikusaidia. Siku chache baadaye Vance alihojiwa na CNN akasema kwamba ikibidi aunde hadithi ili vyombo vya habari viangalie mateso ya Wamarekani, ataziunda. Alijitetea kwamba habari zilitoka kwa wapiga kura wake wa Ohio. Hao wapiga kura mmoja wao alikuwa mama aliyeripoti polisi kwamba paka wake amepotea, akiwashuku majirani. Paka akaonekana siku chache baadaye, yuko mzima, ndani ya ghala la chini ya nyumba yake mwenyewe, na yule mama akaenda kwa majirani zake Wahaiti akawaomba radhi. Mama wa kawaida kaomba radhi. Wagombea hawakuomba.

Tuna msemo kwetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Springfield lililosemwa halikuwapo, na kilichokuja ni simu za mabomu. Gavana Mike DeWine alihesabu vitisho visivyopungua 33, vyote vya uongo, lakini baadhi vilitoa watoto madarasani. Ofisi za jiji zilifungwa. Chuo cha Wittenberg kilihamishia masomo mtandaoni. Tamasha la tamaduni la mji lilifutwa. Polisi wa jimbo wakapelekwa kukagua shule asubuhi kabla watoto hawajaingia. Mwenye kiwanda kimoja cha vyuma aliyesema hadharani kwamba Wahaiti ni wachapakazi na angependa kuwaajiri zaidi, alitishiwa kuuawa.

Turudi mezani. Nilikwenda na mwenzangu wa kazini, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Tunafanya zamu za usiku pamoja kwenye nyumba ya wazee. Yeye anajua Kifaransa, mimi najua Kiingereza na njaa. Chakula kimepangwa kwenye masinia nyuma ya kioo, na msichana anayepakua anasimama na kijiko kirefu akikusubiri uonyeshe kwa kidole. Kulikuwa na mchuzi mzito unaitwa legim: mbilinganya, kabichi, karoti na majani, vimepikwa mpaka vikashikana, na ndani yake vipande vya nyama. Nikauliza ninavyouliza kila mahali, kwa sauti ya kawaida: humu mmeweka nyama gani?

Mkono wake ukasimama. Kijiko kilikuwa kimeshachota, kikabaki juu ya sinia, mchuzi unadondoka. Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu wa kulia, kuona kama nimeshika simu ninamrekodi. Wanaume wawili waliokuwa meza ya dirishani wakiongea kwa sauti wakanyamaza.

Mama Furaha ndiye aliyeelewa kwanza. Akamwambia kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anavyozungumza na mtoto wa dada yake: mwanangu, huyu ni Mwislamu, anauliza kama kuna nguruwe. Yule binti akashusha pumzi, mabega yakashuka, akacheka kidogo akijifuta mkono kwenye aproni. Ng'ombe, akasema. Legim ni ng'ombe tu. Nguruwe yuko kwenye sinia lile la mwisho, griot, na anakaangwa kikaango chake, mafuta yake mbali. Akamwita mpishi, mama mtu mzima mwenye kilemba, akanionyesha kupitia mlango wa jikoni: kikaango cha samaki kule kushoto, cha nguruwe huku. Hakuna aliyemwambia anionyeshe. Alitaka nione kwa macho yangu.

Nimelifikiria jambo hilo zaidi ya nilivyomfikiria samaki. Nyama gani hii ni swali la mlo. Mwislamu analiuliza, Msabato analiuliza, mwenye mzio analiuliza, mama mwenye mtoto mdogo analiuliza. Wapishi wa Tanga wanalijibu bila kuinua kichwa. Pale Springfield watu wawili waliokuwa wakitafuta kura walilichukua swali hilo wakaliharibu, na binti wa miaka kama 20 anayepakua chakula sasa anatakiwa kwanza atambue kama mteja ana njaa au amekuja kumdhihaki.

Kazini kwetu wapo wanaosema Trump na Vance walisingiziwa ubaguzi, kwamba ile ilikuwa kampeni tu, kila mgombea hutia chumvi. Nawaheshimu, tunashinda na kukesha pamoja. Lakini sikubaliani nao hata kidogo. Moyo wa mtu siwezi kuupasua nikaona kilichomo. Ninachoweza kupima ni maneno: yalimlenga nani, yalimfanya nini, na msemaji alifanya nini alipoambiwa si kweli. Haya yaliwalenga watu weusi wa taifa moja, wote kwa jumla, na tuhuma yenyewe ni ile kongwe kuliko zote zinazosemwa juu ya mtu mweusi, kwamba anakula kisicholiwa, kwamba si mtu kamili. Walipoambiwa si kweli, waliendelea. Ukiniuliza huo ni ubaguzi au siyo, nasema ndiyo, na sihitaji chama chochote kinisaidie kusema. Kampeni ilikwisha tarehe 5 Novemba 2024, Trump akashinda, na hata kaunti ya Clark, ambamo Springfield imo, ilimpa kura nyingi. Kura zilishahesabiwa zamani. Mkono wa yule binti bado unasimama.

Na waliowakanusha hawakuwa wapinzani wao tu. Meya wa Springfield, Rob Rue, ni wa chama chao cha Republican. Gavana DeWine ni wa chama hicho hicho, na amezaliwa Springfield. Yeye na mkewe walisaidia kwa miaka mingi shule moja nchini Haiti iliyopewa jina la binti yao aliyefariki kwa ajali. Aliandika kwenye New York Times kwamba anasikitishwa na wagombea wanaorudia madai yasiyo na ushahidi. Namshukuru kwa hilo. Ila katika maandishi yale yale alisema bado anawaunga mkono Trump na Vance, na hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana. Oktoba 1961, bungeni Dar es Salaam, wabunge wa TANU waliposimama kutaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa rangi ya ngozi, Nyerere aliwajibu watu wa upande wake kwa ukali, na akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Aliweka cheo chake mezani. Nilitamani gavana naye aweke kitu chake chochote mezani.

Kuna jambo jingine nililoliona kubwa kuliko yote, na halikusemwa na mwanasiasa. Mwaka 2023 basi la shule liligongwa na gari lililokuwa likiendeshwa na Mhaiti asiye na leseni halali ya Ohio, akafa mtoto wa miaka 11. Wanasiasa wakalichukua jina la mtoto yule wakalitembeza majukwaani. Siku ile ile ya mdahalo, baba yake alisimama mbele ya baraza la jiji akawaomba waache. Alisema mwanawe hakuuawa kwa kukusudia, ilikuwa ajali, na hataki msiba wake utumike kuwachukia watu. Alifika mahali akasema anatamani aliyemgonga mwanawe angekuwa mzee wa kizungu wa miaka 60, ili waachwe waomboleze kwa amani. Baba mwenye jeraha la namna ile alikuwa na kila kisingizio cha kuchukia. Wagombea hawakuwa na kisingizio hata kimoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tulionjeshwa mapema. Mwaka 2011 Trump huyu huyu alizunguka akidai kwamba Obama hakuzaliwa Marekani. Kenya ikageuzwa tusi, mtu akisema amezaliwa Kenya ni kama amesema amevuliwa nguo. Obama alitoa cheti chake kamili Aprili 2011, kazaliwa Honolulu 1961. Trump alikiri Septemba 2016 tu, wiki chache kabla ya kura yake mwenyewe. Nasi tusijifanye wasafi: sambusa za paka tumezivumisha wenyewe kuhusu wauzaji wa Nairobi, na kila mgeni aliyefungua jiko Kariakoo kuna aliyemzushia jambo. Tofauti ni kwamba uvumi wa kijiweni unaishia kijiweni mpaka mtu mwenye kipaza sauti cha urais aubebe.

Basi, vyakula vingine.

Ndizi, banan peze, ndizo zilizonifanya nitake kuingia jikoni. Ni zile ndizi kubwa za kupika, mbichi bado, zinakatwa vipande vinene, zinakaangwa nusu, zinapondwa bapa, zinachovywa maji ya chumvi na kukaangwa tena. Nje zinavunjika, ndani laini. Pembeni yake pikliz, kachumbari yao ya kabichi na karoti iliyolala kwenye siki na pilipili mbuzi. Usiichukulie mzaha. Mama Furaha, anayejisifu kwa pilipili, aliomba maji mara mbili. Uma mmoja wa pikliz juu ya samaki unatosha kabisa, na bila huo samaki anakosa kitu.

Akra nazo ziagize, ni bajia za magimbi yaliyokwaruzwa, zinaliwa zikiwa za moto. Zikipoa zinakuwa nzito tumboni.

Wali wa maharage sikuupenda. Mafuta yamezidi, chumvi pia. Wali mweusi wa uyoga, diri djon djon, ndio wa kuchukua, una harufu nzuri sana na hauhitaji mchuzi, ila unakuwepo siku chache tu na ubao wa ukutani haukuambii. Bei za ubaoni nazo ni za zamani, utaambiwa mpya ukifika kwenye kulipa. Hilo warekebishe. Kusubiri ni kurefu: samaki anakaangwa ukishaagiza, na tulikaa karibu saa nzima siku ambayo hapakuwa na watu wengi. Televisheni iko juu mno. Maegesho ni nyuma ya jengo, taa moja tu, kwa hiyo akina dada nendeni mchana.

Huduma yenyewe, baada ya ule mwanzo, ilikuwa ya kindugu. Mama Furaha alimsimulia mwenye mgahawa kwamba baba yake alifundishwa hesabu na Mhaiti. Ni kweli kabisa: Kongo ilipopata uhuru 1960 na Wabelgiji wakaondoka kwa wingi, walimu, madaktari na wahandisi Wahaiti waliitwa kwenda kujaza nafasi, kwa sababu walikuwa wamesoma na wanajua Kifaransa. Mwenye mgahawa alikuwa hajui mambo hayo. Akavuta kiti. Akamuuliza jina la mwalimu, wakakisia pamoja alitoka mji gani wa Haiti, akamwita mpishi aje asikie. Watu wanaoambiwa kila siku kwamba wamekuja kumaliza vya wenzao walisikia kwamba kuna mzee Bukavu aliyejua kugawanya na kuzidisha kwa sababu ya mmoja wao. Bili ilipokuja akra hazikuwa zimehesabiwa. Tulibisha, tukashindwa.

Aliniambia pia wateja wake wamepungua. Baada ya mdahalo alipata wageni wengi, wazungu wa mji ule ule na wa miji ya jirani, waliokuja kula ili tu aone kwamba hawajamchukia, na wengine bado wanakuja. Waliopungua ni Wahaiti wenyewe. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuiondoa ile hifadhi ya muda, mambo yakaingia mahakamani, na familia nyingi zikafunga virago bila kungoja. Yeye mwenyewe amelipa kodi ya jengo, amenunua jokofu kubwa, ana wafanyakazi, na siku ile alikuwa hajui jaji angesema nini.

Kwa anayepanga kwenda: kutoka Columbus shika I-70 kuelekea magharibi. Kadi wanapokea, ila beba taslimu kidogo kwa ajili ya bahashishi ya wale mabinti. Usiwapige picha bila kuwaomba. Ukiuliza juu ya nyama, na uulize, ni haki yako, sema kwanza unachotafuta: mimi ni Mwislamu, au mtoto wangu ana mzio wa kaa, kisha uliza. Ukipiga simu kuagiza, taja chakula kabla ya salamu, maana simu inayoanza kwa kuzungukazunguka wanaikata.

Jumapili kuna soup joumou, supu ya boga na nyama ya ng'ombe. Wahaiti wanainywa kila tarehe 1 Januari kukumbuka uhuru wao wa 1804, kwa kuwa wakati wa utumwa mabwana waliinywa wao na waliopika hawakuruhusiwa kuionja. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Ya hapa ni nzito, ina tambi ndani na ndimu ya kutosha, na bakuli ni dola 12. Inaisha kabla ya saa saba mchana, kwa hiyo ukitoka kanisani au ukiamka baada ya zamu, pitia hapo moja kwa moja.